Karakana ya Shakespeare na Siku Tano za Verona

Katika vitabu vingi vya kiada tamthilia ya Romeo na Juliet hutanguliwa na sura fupi ya maisha ya mtunzi, ambayo mwanafunzi huikariri kwa ajili ya swali moja la mtihani, kisha huiacha mlangoni kama viatu na kuingia ndani ya tamthilia bila kubeba hata tarehe moja. Sura hiyo humweleza kwamba William Shakespeare alibatizwa tarehe 26 Aprili 1564 katika mji wa Stratford-upon-Avon, kwamba baba yake alikuwa mshonaji wa glovu, kwamba alimwoa Anne Hathaway na kupata watoto watatu, na kwamba alifariki mwaka 1616. Yote hayo ni kweli, lakini hakuna linaloonyeshwa kuwa na kazi yoyote katika kuielewa tamthilia. Pale ambapo wafasiri wamejaribu kuyaunganisha maisha na maandishi, mara nyingi wametumia kamba ya moyo, wakidhani kwamba mtu aliyeandika mapenzi makali kiasi hicho lazima naye aliwahi kuunguzwa nayo, dhana ambayo filamu ya Shakespeare in Love ya mwaka 1998 iliijengea hadithi nzima ikafuzu kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Hoja inayotetewa hapa ni kwamba maisha ya Shakespeare yanaiangaza Romeo na Juliet zaidi pale yanaposomwa kama maisha ya fundi aliyekuwa na wenzake kazini, wateja, washindani na vifaa vyenye mipaka, kuliko yanaposomwa kama maisha ya mpenzi. Hata kumbukumbu zenyewe zinaelekea upande huo. Hakuna barua ya mapenzi ya Shakespeare iliyosalia, na saini zake sita zinazokubaliwa na wataalamu wengi, ambazo hata tahajia zake hazilingani, zote zimo katika hati za kisheria. Kilichobaki kwa wingi ni rejista za kanisa, kesi, kodi na mikataba ya ununuzi wa mali, kama ule wa mwaka 1597 alipojinunulia nyumba kubwa ya New Place mjini kwao. Mtu huyu alijulikana kwa makarani kabla ya kujulikana kwa wapenzi, na msomaji anayetaka kumjua hana budi kukaa na makarani.

Hata hivyo, vishawishi vya kuisoma tamthilia kama shajara ni vingi, na ni vizuri vionwe kwa karibu ili ijulikane vinapokatika. Kimojawapo ni ndoa ya mtunzi mwenyewe. Mwezi Novemba 1582, Shakespeare akiwa na miaka 18 na Anne akiwa na miaka 26 na mja mzito, dhamana iliwekwa mbele ya ofisi ya askofu wa Worcester ili ndoa yao itangazwe kanisani mara moja tu badala ya mara tatu zilizokuwa desturi, na mtoto wao wa kwanza, Susanna, alibatizwa miezi sita tu baadaye. Ndoa ya haraka, basi, kama ile ya Romeo na Juliet inayofungwa kwa siri katika chumba cha Mtawa Laurence. Lakini ulinganisho huo huvunjika mara tu unapoguswa, kwa kuwa ndoa ya mtunzi ilifahamika kwa familia na kwa kanisa, bwana harusi ndiye aliyekuwa kijana na bibi harusi ndiye aliyekuwa mtu mzima, na wote wawili waliishi. Kishawishi cha pili ni kifo cha Hamnet, mtoto wa kiume pekee wa mtunzi, aliyezikwa tarehe 11 Agosti 1596 akiwa na miaka 11. Mtu akisoma kilio cha mzee Capulet, baba wa Juliet, juu ya mwanawe wa pekee ni rahisi kumwona Shakespeare akilia nyuma ya pazia, ila tu wataalamu wengi wanaiweka tamthilia hii karibu na mwaka 1595, kabla ya msiba huo. Kalenda haina huruma na nadharia nzuri.

Upande wa pili wa sarafu ni kwamba hadithi yenyewe haikuwa yake. Masuccio Salernitano wa Italia alitunga kisa, kilichochapishwa mwaka 1476, cha wapenzi wa Siena wenye ndoa ya siri na dawa ya usingizi. Luigi da Porto akakihamishia Verona na kuwapa wapenzi majina yanayofanana na tuliyoyazoea. Matteo Bandello akakisimulia upya mwaka 1554. Pierre Boaistuau akakitia katika Kifaransa mwaka 1559. Na Mwingereza Arthur Brooke akakigeuza utenzi mrefu uliochapishwa mwaka 1562, mwaka mmoja kabla ya yeye mwenyewe kufa maji katika ajali ya meli akielekea Ufaransa. Shakespeare aliufanyia kazi utenzi huo wa Brooke, akiwa karibu nao kiasi kwamba msomaji anaweza kuziweka kazi mbili ubavu kwa ubavu na kuona fundi alipokata, aliposhona na alipotia kiraka. Zoezi hilo lina faida kwa mwanafunzi kuliko kurasa kumi za wasifu.

Mkato mkubwa kuliko yote uko kwenye muda. Katika utenzi wa Brooke kisa huchukua miezi kadhaa, na wapenzi wanaishi kama mke na mume kwa siri kwa muda wa kutosha kabla ya balaa kuwakuta. Shakespeare anakibana ndani ya siku tano, kuanzia ugomvi wa barabarani Jumapili asubuhi hadi miili inapogunduliwa kaburini alfajiri ya Alhamisi. Katika kubana huko, methali ambayo kila mwalimu huifikia kwanza ni ile ya haraka kukosa baraka, na Mtawa Laurence mwenyewe anawaonya vijana kwa maneno ya aina hiyo. Lakini tukifuata nani hasa anaharakisha nini, lawama haiwaangukii vijana peke yao. Jumapili hiyo hiyo mzee Capulet anamwambia Paris, kijana anayemposa bintiye, kwamba Juliet bado ni mdogo na asubiri miaka miwili. Usiku wa Jumatatu, maiti ya Tybalt, binamu wa Juliet aliyeuawa na Romeo, ikiwa bado haijazikwa, anampangia binti harusi na Paris siku ya Alhamisi. Na Jumanne, kwa furaha ya kuona binti amerudi na kuomba radhi, anaisogeza harusi hadi Jumatano. Ni siku hiyo moja iliyokatwa na mzee, si busu la vijana, inayomlazimu Juliet kunywa dawa usiku mmoja mapema kuliko mtawa alivyopanga. Anayepiga hesabu kwa kalamu na karatasi atagundua pia kwamba saa 42 za usingizi alizoahidiwa Juliet haziingii sawasawa katika ratiba, na hilo nalo ni alama ya karakana: mtunzi alijali mapigo ya moyo wa hadhira kuliko saa ya ukutani.

Pamoja na muda, umri nao ulikatwa. Juliet wa Brooke ana miaka 16, wa Shakespeare hajatimiza 14, na atatimiza mkesha wa tarehe 1 Agosti, siku ambayo hafiki. Wengi hudhani kwamba enzi hizo ndoa za umri huo zilikuwa kawaida, ingawa kumbukumbu za parokia za Uingereza zinaonyesha kwamba wanawake wa kawaida waliolewa wakiwa na miaka ishirini na kitu, licha ya sheria kuruhusu msichana aolewe akiwa na miaka 12. Hadhira ya London ilimwona Juliet kama mtoto, na ilikusudiwa imwone hivyo. Anayethibitisha utoto huo ni yaya wake, katika hotuba ndefu iliyojaa ucheshi wa mwanamke wa watu, anapohesabu umri wa Juliet kwa kukumbuka tetemeko la ardhi la miaka kumi na mmoja iliyopita na siku aliyomwachisha ziwa kwa kujipaka pakanga, mmea mchungu ambao wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanaujua kama jina la nyota ya Ufunuo. Mwanamke wa Afrika Mashariki aliyepaka shubiri au pilipili kwa kusudi hilo hilo hahitaji maelezo ya pambizoni. Katikati ya kicheko hicho yaya anagusia kwa sentensi mbili tatu kwamba alikuwa na binti wa rika la Juliet, Susan, aliyekufa, na ndiyo kusema maziwa aliyonyonya Juliet yalikuwa ya mtoto marehemu. Kwamba jina hilo linakaribia jina la binti wa mtunzi ni jambo la kutajwa na kuachwa lilivyo, kwa sababu uzito wa maneno hayo hauko Stratford. Uko katika ukweli kwamba anayesema hapa habari za mtoto wake aliyekufa ni mtumishi, na hakuna anayemjibu.

Hapa inafaa kulisimamia neno lenyewe tunalolitumia kuita utanzu huu. Tanzia, katika istilahi ya fasihi, ni tamthilia inayoishia katika maangamizi ya wahusika wakuu; lakini kabla ya kulikuta darasani, mzungumzaji wa Kiswahili huwa amekwisha kulisikia redioni na kulisoma magazetini kama tangazo la kifo. Kwa Romeo na Juliet maana hizo mbili zinakutana kwa namna ambayo Kiingereza hakina, kwa sababu tamthilia inafunguliwa na msimulizi anayesimama peke yake jukwaani na kutangaza, katika mishororo 14, kwamba watoto wa nyumba mbili hasimu watakufa na kwamba kifo chao ndicho kitakachomaliza uhasama wa wazazi. Hiyo ni tanzia kwa maana ya redioni, inayosomwa kabla ya wafiwa kuzaliwa kwenye hadithi. Baada ya hapo kila kicheko kinasikika kwa masikio mawili, na hicho ndicho wahakiki wanachokiita kinaya cha kidrama, yaani hali ya hadhira kulijua jambo ambalo mhusika halijui.

Mishororo hiyo 14 ni soneti, umbo la shairi lililotoka Italia, ambalo kwa desturi ya Shakespeare lina vipande vitatu vya mishororo minne minne na kufungwa kwa mishororo miwili yenye kina kimoja. Swali la kwa nini mwandishi wa jukwaa alijaa soneti kichwani mwaka 1595 linajibiwa na maisha yake ya kazi. Kuanzia katikati ya mwaka 1592 hadi mwaka 1594, tauni ilifanya majumba ya maonyesho ya London yafungwe kwa sehemu kubwa ya muda, waigizaji wakatawanyika mikoani, na Shakespeare, ambaye mwaka huo wa 1592 alikuwa ameshatukanwa kwa maandishi kama kunguru aliyejivika manyoya ya wenzake, akageukia ushairi wa kuchapishwa. Mwaka 1593 alitoa Venus na Adonis na mwaka 1594 akatoa shairi la Lucrece, yote mawili akiyatabaruku kwa kijana tajiri, Henry Wriothesley, Mwinyi wa Southampton. Majumba yalipofunguliwa alirudi akiwa na mkono wa mshairi aliyezoeshwa vina, na akarudi kama mbia: kumbukumbu ya malipo ya Machi 1595 inamtaja pamoja na Richard Burbage na mchekeshaji Will Kemp kama wanachama wa kundi la waigizaji la Lord Chamberlain waliolipwa kwa maonyesho waliyoyafanya mbele ya Malkia Elizabeth.

Mkono huo unaonekana vizuri zaidi pale Romeo na Juliet wanapokutana kwa mara ya kwanza katika karamu ya akina Capulet. Msikilizaji anadhani anasikia mazungumzo, kumbe anasikia soneti kamili iliyogawanywa kati ya watu wawili. Romeo anatoa mishororo minne. Juliet anamjibu kwa minne mingine, na badala ya kuleta vina vipya vyote anaazima kimoja cha Romeo na kumrudishia. Kisha wanapokezana mshororo mmoja au miwili hadi ule wa 13 unaposemwa na Juliet na wa 14, wenye kina hicho hicho, unaposemwa na Romeo, na busu linafuata. Mshairi wa Kiswahili aliyelelewa katika malumbano, ambamo kila mmoja hutunga ubeti wake na mwenzake hujibu kwa ubeti mwingine wa bahari ile ile, ataona tofauti mara moja: hawa hawajibizani kwa beti mbili, wanajenga ubeti mmoja. Na wanapoanza soneti ya pili wanafika mshororo wa nne tu, yaya anaingia kumwita Juliet kwa mama yake. Soneti hiyo haimaliziki. Aliyekariri kwamba dhamira ya tamthilia ni mapenzi na uhasama hajakosea, lakini aliyehesabu mishororo hii ameona mapenzi hayo yakikatwa na sauti ya nyumbani kabla wapenzi wenyewe hawajajuana majina.

Tauni iliyofunga majumba ya London imo pia ndani ya tamthilia, na ndiyo inayoua. Barua ya Mtawa Laurence ya kumweleza Romeo, aliyefukuzwa na kukimbilia Mantua, kwamba Juliet amelala tu na hajafa, inakabidhiwa kwa Mtawa John, ambaye anapita kumchukua mtawa mwenzake aliyekuwa akizuru wagonjwa. Walinzi wa afya wa mji wanashuku kwamba nyumba hiyo ina tauni, wanaufunga mlango, na barua inarudi kwa aliyeiandika. Hapo nyota, ambazo msimulizi wa mwanzo anazitaja, hazikuhitajika. Ni kweli kwamba kuzuiwa huko kumo tayari katika utenzi wa Brooke, na mtafiti mwaminifu hawezi kudai kwamba Shakespeare ndiye aliyekubuni. Anachoweza kusema ni kwamba mwaka 1595 watu waliosimama mbele ya jukwaa walikuwa wametoka kuziona nyumba za jirani zikifungwa namna hiyo, kwa hiyo maelezo machache ya Mtawa John yaliwatosha. Mtunzi naye alizaliwa katika mwaka ambao tauni iliua zaidi ya watu mia mbili katika mji wake mdogo. Laana ya tauni ambayo Mercutio, rafiki wa Romeo, anaziachia nyumba zote mbili anapokufa ilisikika tofauti kabisa na inavyosikika kwa msomaji aliyepata chanjo zote, ingawa wasomaji waliokaa ndani mwaka 2020 wameisogelea kidogo.

Vifaa vya jukwaa navyo viliandika sehemu ya tamthilia. Maonyesho yalifanyika mchana, chini ya anga wazi, ilhali sehemu kubwa ya matukio ya Romeo na Juliet hutokea usiku au alfajiri, na ndiyo sababu wahusika hawachoki kutaja mwezi, mienge, nyota na ndege wa asubuhi: maneno yalikuwa ndiyo taa na pazia. Wanawake hawakuruhusiwa kuigiza katika majumba hayo, hivyo Juliet aliigizwa na mvulana ambaye sauti yake haijavunjika, na mtunzi aliyejua hivyo aliwaweka wapenzi wake mmoja juu dirishani na mwingine chini bustanini, akayaacha mapenzi yao yaishi zaidi masikioni kuliko mikononi. Kwa bahati neno linalotaja roshani halimo katika tamthilia hata mara moja, wala roshani inayopigwa picha na watalii mjini Verona haikuwahi kuwa na Juliet. Iliongezwa kwenye nyumba hiyo katika karne ya 20, kwa ajili ya wageni.

Hata karakana ya baba haikupotea. Mercutio, mhusika ambaye kwa Brooke ni kivuli tu na kwa Shakespeare ni mdomo usiofungika, anamtania Romeo kwamba akili yake ni kama ngozi laini ya mwanambuzi, inayovutika kutoka upana wa inchi hadi upana wa dhiraa. Mzaha huo unamwelekea mtu aliyewahi kuishika ngozi hiyo mezani na kuivuta, na nyumba ya Stratford ilikuwa nayo. Umuhimu wake ni mdogo, na haufichui siri yoyote ya moyo. Ila ni uhusiano wa maisha na maandishi unaoweza kuguswa kwa vidole, jambo ambalo nadharia za mpenzi wa siri zimeshindwa kutoa.

Wasomaji wa Kiswahili wamempata Shakespeare kupitia milango mingine. Mwalimu Julius Nyerere alitafsiri Julius Caesar mwaka 1963 na Mabepari wa Venisi mwaka 1969, na S. S. Mushi akaleta Makbeth na Tufani katika miaka hiyo hiyo. Dola, fedha na tamaa ya madaraka zilikuwa hoja za taifa changa, na haishangazi kwamba wapenzi wa Verona hawakuwa mstari wa mbele. Kwa msomaji wa pwani aliyesikia habari za Laila na Majnuni, ambazo mshairi Nizami alizitungia utenzi karne nne kabla ya Shakespeare, mapenzi yaliyozuiwa na wazazi hayakuwa habari mpya. Tofauti ni kwamba Majnuni huteketea kwa miaka, jangwani, pamoja na wanyama, akipata muda wa kutunga mashairi. Romeo hana hata wiki.

Linabaki jambo ambalo sura ya maisha ya mtunzi hulisahau, nalo ni kwamba watu wa kwanza kuinunua Romeo na Juliet kama kitabu hawakuambiwa ni ya nani. Toleo la mwaka 1597 lilitaja kundi la waigizaji lakini halikumtaja mtunzi, na la mwaka 1599, lililojitangaza kuwa limesahihishwa na kuongezwa, nalo halikumtaja. Hilo la pili ndilo linalotumiwa na wahariri wengi kama msingi, na lina kosa tamu: mahali panapopaswa kuandikwa kwamba anaingia Peter, mtumishi wa yaya, pameandikwa kwamba anaingia Will Kemp, jina la mwigizaji mwenyewe, labda kwa sababu mtunzi alipokuwa akiandika alikuwa akimwona mwenzake wa kazi. Toleo la kwanza ni fupi kwa karibu robo nzima na mistari yake mingi imevurugika, kiasi cha kuitwa baya na vizazi vya wataalamu. Lakini ni humo tu, katika maelekezo ya jukwaani, imeandikwa kwamba Romeo anapotaka kujichoma ndani ya chumba cha mtawa, baada ya kusikia kwamba amefukuzwa Verona, anayemnyang'anya kisu si mtawa aliyesimama akihubiri, bali ni yaya.